Shule Kubwa ya Astrida, na Sisi Tuliokuwa Jirani Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu zetu waliosimamia kutengenezwa kwa kitabu hiki wamenitaka niandike khabari za zamani. Wenzangu wamekwisha andika juu ya misikiti yetu, na juu ya wazee waliotoka Ujiji na Tabora na pwani wakakaa hapa Gisenyi kandokando ya ziwa Kivu, nami sikuona faida ya kuyarudia yaliyosemwa na watu wanaoyajua kuliko mimi. Nimechagua khabari za shule moja isiyokuwa yetu, wala haiko Gisenyi, bali iko kusini kabisa mwa nchi, katika mji ulioitwa Astrida, kisha Butare, na sasa Huye. Atakayeuliza, shule ya Mafureri inatuhusu nini sisi Waislamu, basi na asome mpaka mwisho.

Sababu yangu ni maneno ninayoyasikia mara kwa mara barazani baada ya sala ya Isha. Vijana wetu waliosoma husema, "Wazee wetu hawakupenda elimu, ndiyo maana nchi ilipopata uhuru hapakuwa na Mwislamu aliyeshika kalamu." Maneno haya yana ukweli kidogo na uonevu mwingi, na kuyapima hakuwezekani mpaka mtu ajue ilivyokuwa shule ile moja ambayo ndiyo iliyotoa washika kalamu wa Ruanda-Urundi kwa muda wa miaka thelathini.

Kwanza yafaa msomaji akumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Wakati wa Wajerumani, lugha ya ofisi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilikuwa Kiswahili, na Rwanda ilikuwa ndani ya utawala huo. Mwami Yuhi Musinga mwenyewe alikijua Kiswahili. Aliyekuwa mkalimani, au karani, au askari, au mwenye kupeleka barua za Bwana Mkubwa, mara nyingi alikuwa Mwislamu, si kwa kuwa Wajerumani walikuwa na mapenzi na dini yetu, bali kwa kuwa lugha ile ilikuwa kinywani mwetu. Walipoingia Wabelgiji mwaka 1916 mambo yaligeuka. Ofisi ikawa ya Kifaransa, na elimu ikawekwa mikononi mwa misioni, nazo zikapewa fedha za serikali kwa kazi hiyo. Sisi tukabaki katika makambi ya Waswahili, hapa Gisenyi kama vile Kigali na Rwamagana na kwingineko, na lugha yetu ikawa lugha ya soko na ya gari.

Serikali ya Kibelgiji ilikuwa imekwisha anzisha huko Nyanza, mwaka 1919, shule ya watoto wa machifu. Walakini shule hiyo haikutosha. Wabelgiji waliotoka kwao walikuwa wachache, na nchi mbili, Rwanda na Burundi, zilikuwa na watu wengi. Tena njaa zilikuwa zimeiumiza nchi: Rumanura ya 1916 mpaka 1918, ambayo wazee wa Bugoyi hawakuacha kuisimulia kwa kuwa ilianzia katika vita vilivyopita juu ya mashamba yao, na Rwakayihura ya 1928 na 1929. Ikatakiwa watu wa kusimamia upandaji wa mihogo na viazi na kahawa, watu wa kuchanja ng'ombe, watu wa kumsaidia daktari, na watu wa kuandika kodi. Basi mwaka 1929 serikali ilifanya mapatano na shirika la Mafureri wa Upendo wa Gand, yaani watawa wa kiume wasiokuwa mapadri, ambao shirika lao lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1807. Wao wakapewa kujenga na kuendesha shule kubwa ya serikali katika Astrida, mji uliopewa jina la Astrid, binti wa ukoo wa kifalme wa Sweden aliyeolewa mwaka 1926 na mrithi wa ufalme wa Ubelgiji. Ilipofika 1932 masomo yalikuwa yakiendelea, na jina lake likawa Groupe Scolaire d'Astrida.

Msomaji aangalie vizuri jambo hili, maana ndilo shina la khabari yote. Shule ilikuwa ya serikali. Fedha zilikuwa za serikali. Aliyemaliza aliajiriwa na serikali. Bali waliofundisha, na waliopiga kengele, na waliosimama mlangoni kuchagua nani aingie, walikuwa watawa.

Masomo yake yalipangwa kwa kazi. Kijana aliingia akiwa amemaliza shule ya msingi, akafundishwa kwanza masomo ya jumla: Kifaransa, hesabu, jiografia, elimu ya vitu vya asili. Kisha wakagawanywa. Wengine walikwenda katika utawala, nao ndio waliokuja kuwa makarani, na wasaidizi wa machifu, na hata machifu wenyewe. Wengine walisomea kilimo, hao tuliowaita maagoronome, waliopita vilimani wakihesabu miche ya kahawa. Wengine walisomea dawa za mifugo. Na wengine walisomea utabibu, wakawa wasaidizi wa daktari. Mimi nawaheshimu hao wa mwisho kuliko wote. Mtu wa kilimani aliyeugua miaka ya 1940 hakuonana na daktari wa Kizungu ila kwa bahati. Aliyemshika mkono, akampima homa, akampa dawa, alikuwa kijana aliyetoka Astrida. Chifu aliyesoma aliweza kuwa mwema au mbaya, lakini msaidizi wa daktari hata akiwa na kiburi kilo nzima, dawa yake iliponya vilevile.

Maisha ya ndani yalikuwa maisha ya bweni. Kengele iliamsha, kengele ililaza. Palikuwa na saa ya ibada ya Kikristo, saa ya darasa, saa ya kazi za mikono, saa ya mchezo, na saa ya kusoma jioni kwa kimya. Lugha ilikuwa Kifaransa. Watoto wa Rwanda na wa Burundi walilala pamoja na kula pamoja, na jambo hilo liliwafungamanisha hata wakawa kama kabila jipya. Waliomaliza huko waliitana Waastrida mpaka uzeeni, na watu wakawaita Indatwa, maana yake wale wanaosifiwa, wa kujivunia. Katika miaka ya 1940 shule ilianza kutoa gazeti lake lililoitwa Servir, yaani Kutumikia, ambamo waliomaliza waliandika juu ya mila, na ukulima, na kazi zao. Gazeti hilo wanazuoni wa historia bado wanalifungua. Sisi katika makambi yetu hatukuwa na karatasi hata moja ya namna hiyo, na hii ndiyo sababu historia yetu leo tunaiokota vinywani mwa wazee.

Sifa nimezitoa, sasa na nitaje kasoro. Shule ile haikuwa ya watu wote. Wengi sana wa wanafunzi walikuwa watoto wa watawala, na kwa siasa ya Wabelgiji ya wakati ule maana yake ilikuwa Watutsi. Watoto wa Kihutu walioingia walikuwa wachache mno mpaka miaka ya 1950. Mtutsi wa kawaida, mtoto wa mchungaji maskini, naye alibaki nje. Serikali ya kikoloni iliwaandika watu wa lugha moja na nchi moja kwa makabila, ikampa huyu ufunguo na kumnyima yule, kisha ilipofika mwisho wa utawala wake ikageuza mkono. Matunda ya mchezo huo yanajulikana, nami nitayataja mbele.

Ama Waislamu, hatukuwamo katika hesabu hata kidogo. Na hapa ndipo panaponishangaza kila nipitapo Huye. Mji ule una mtaa unaoitwa Cyarabu, ambako Waarabu na Wahindi na Waswahili waliweka maduka yao, na karibu yake ni Ngoma, walikokaa Waislamu. Kutoka huko mpaka kwenye shule si safari. Ni mwendo wa mtu kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Mtoto wa Cyarabu aliwaona Indatwa wakipita, akasikia kengele yao, na baba yake akawauzia kalamu na sabuni. Yeye mwenyewe hakuingia.

Kwa nini? Wako wanaojibu kwa neno moja, nami siwafuati, kwani sababu zilikuwa zaidi ya moja na hazikuwa na uzito mmoja.

Kubwa ni kwamba njia ya kufika Astrida ilipita katika shule za msingi za misioni. Huko katekisimu ilikuwa somo la kila siku, na mtoto aliyedumu alitarajiwa kubatizwa. Mzee wa Kiislamu aliyempeleka mwanawe alijua kuwa huenda akarudi na jina jingine. Wako waliopeleka, na wako watoto waliorudi na majina mengine. Katika jamaa zetu humu Gisenyi hamkosi ukoo wenye tawi la namna hiyo, na hatuwatupi, ni damu yetu. Wengine hawakupeleka. Basi mtu ambaye ameambiwa achague baina ya elimu ya mwanawe na dini ya mwanawe, akachagua dini, haifai kusemwa kuwa hakupenda elimu. Mtu huyo huyo alimpeleka mtoto chuoni akahitimu msahafu, na wengine wakavuka mpaka Ujiji, Tabora na hata Zanzibar kutafuta fiqhi na nahau, kwa miguu na kwa meli, bila ya msaada wa serikali yoyote.

Sababu ya pili sisi wenyewe hatupendi kuitaja: biashara ililipa. Kijana wa kambini aliyejua kuendesha lori, au kushona kwa cherehani, au kununua ngozi huku na kuziuza kule, alipata fedha kabla mwenzake wa Astrida hajamaliza darasa lake. Kwa mtu wa Gisenyi jambo hili lilizidi, kwa kuwa Goma iko hapo tu, na mpaka ni soko. Baba aliyeona faida ya leo hakuwa na haja ya kungoja faida ya miaka kumi. Katika hili wazee wetu hawakosi lawama yao, na sisi tunaowafuata, ambao mpaka leo tunamtoa kijana shuleni kwa ajili ya duka, tunayo lawama kubwa zaidi, maana wao hawakujua yatakayokuja, sisi tumeyaona.

Ili kuthibitisha kuwa sababu ya kwanza ndiyo iliyokuwa kubwa, na tutazame ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1925, miaka minne tu kabla ya mapatano ya Astrida, Waingereza walifungua Tabora shule yao ya serikali, nao pia kusudi lao la kwanza lilikuwa watoto wa machifu. Waliifanya kwa mfano wa shule kubwa za kwao, yenye mabweni, na viranja, na michezo ya kushindana. Tofauti ni kwamba waliiendesha wenyewe, hawakuikabidhi kwa misioni. Matokeo yakawa nini? Waislamu waliingia. Abdallah Fundikira, mtoto wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alisoma Tabora akaendelea mpaka Makerere, na katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru akawa waziri. Julius Nyerere, aliyeingia Tabora mwaka 1937, hakuwa amebatizwa bado. Alibatizwa 1943 alipokwisha maliza huko. Katika shule ile mtoto wa mila, mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo walikaa benchi moja. Wazee wetu wa Rwanda walikuwa na jamaa Tabora, damu moja na madhehebu moja. Iweje basi Mwislamu wa Tabora apende elimu na ndugu yake wa Gisenyi aichukie? Watu ni wale wale. Kilichotofautiana ni mlango.

Hata hivyo Astrida haikukosa kutugusa, na alama yake kubwa ilitokea Burundi. Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, aliingia shule ile mwaka 1945, akakaa humo miaka kadha, kisha akaenda Ubelgiji. Aliporudi mwaka 1956 hakujifungia katika jamaa ya kifalme. Alianzisha vyama vya ushirika vya wafanya biashara na wakulima, na waliomfuata mwanzo kabisa walikuwamo Waswahili wa Bujumbura, Waislamu wa Buyenzi, watu ambao serikali iliwahesabu wageni. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, akawa waziri mkuu, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi akafa, hali umri wake haujafika miaka thelathini. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo vifuani, lakini mtu huyu Mkristo, aliyelelewa na Mafureri, aliona katika mitaa yetu watu wa kufanya nao kazi, wakati wenzake wengi wa shule waliona kambi tu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 upepo ulianza kubadilika. Waziri wa makoloni wa Ubelgiji tangu 1954, Auguste Buisseret, alileta siasa ya kufungua shule za serikali zisizofungwa na dini, na misioni zikapinga kwa nguvu. Kigali, katika Nyamirambo, watoto wa Kiislamu wakapata shule ya msingi waliyoweza kuingia bila ya kuulizwa ubatizo. Lakini hesabu ni hesabu: mtoto aliyeanza kusoma mwishoni mwa miaka ya 1950 asingeweza kuwa amemaliza sekondari ilipofika tarehe 1 Julai 1962, siku ya uhuru. Ndivyo nchi ilivyopata bendera, na sisi tukiwa darasa la kwanza.

Yaliyofuata nitayapita kwa haraka. Astrida ikawa Butare, na mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Taifa kikafunguliwa katika mji huo. Shule yetu hii ikaitwa Groupe Scolaire Officiel de Butare. Mwaka 1964 Waislamu tulipata jumuiya yetu ya nchi nzima, AMUR. Tangu miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawanywa kwa ile iliyoitwa iringaniza, yaani kwa kabila na kwa mkoa, na kijana mwenye akili aliweza kurudishwa nyumbani kwa sababu ya kitambulisho cha baba yake. Sisi wa umri wangu tulisoma msingi wa miaka minane uliowekwa na mageuzi ya 1979, na nafasi za kuendelea zilikuwa chache mno. Wengi wetu masomo yetu ya serikali yaliishia hapo, tukaendelea na vitabu vya dini.

Kisha ukaja mwaka 1994. Butare ilikuwa imekaa kwa utulivu wiki mbili za kwanza, mpaka mkuu wake wa mkoa alipoondolewa. Kisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza huko nako, na tarehe 20 Aprili mama mzee Rosalie Gicanda, mjane wa Mwami Mutara Rudahigwa, alitolewa nyumbani mwake akauawa. Watu walikimbilia katika shule, wakadhani kuta za shule ni amani, na humo waliuawa. Elimu ya ofisi haikuwazuia waliouandaa uovu ule. Wengi wao walikuwa na shahada. Sitasema zaidi, kwa kuwa mahali pa kusema hayo ni penye makaburi.

Na nirudi kwenye jambo la furaha, ambalo vijana wangeniuliza nisipolitaja: michezo. Butare ni mji wa mpira. Mukura, timu yake ya mpira wa miguu, ni ya tangu 1963. Bali mchezo ulioupa mji ule jina ni mpira wa wavu. Shule ile kubwa, na seminari ndogo ya Virgo Fidelis iliyo Karubanda, ni kama mafahali wawili wa zizi moja. Katika mashindano ya shule za nchi nzima majina yao hayakosekani, na wachezaji wao wamekwenda chuo kikuu, na vilabu vikubwa, na timu ya taifa. Uwanja wake ni mdogo, wavu na mpira mmoja vinatosha, na mwalimu mmoja mwenye moyo anaweza kuwazoeza vijana wengi. Nadhani ndiyo sababu mchezo huu ulishika mizizi katika mabweni kuliko mahali pengine. Kila mwaka hufanywa huko mashindano mawili ya ukumbusho. Moja ni la Padri Emmanuel Kayumba, aliyekuwa mkuu wa shule yetu hii. La pili ni la Alphonse Rutsindura, mwalimu wa Karubanda aliyewafundisha vijana muziki na mpira wa wavu, naye akauawa mwaka 1994. Hukusanyika wanafunzi wa sasa na wa zamani, wazee wenye mvi wakicheza mbele ya wajukuu. Sisi Gisenyi tuna Etincelles na uwanja wa Umuganda, na ushabiki wetu hauna upungufu. Wavu wa mpira, hata hivyo, ni nadra kuuona mitaani mwetu, na gharama yake haizidi ya jezi chache.

Shule sasa inaitwa Indatwa n'Inkesha. Tangu mwaka 2008 serikali iliamua kuwa masomo yawe kwa Kiingereza, na Kifaransa cha Mafureri kimebaki somo. Wasichana wamo. Mwanafunzi hupelekwa huko kwa alama za mtihani wa taifa, wala hakuna anayeuliza ubatizo. Chakula, kwa wanavyosimulia vijana, bado ni maharage na mahindi yaliyochanganywa, impungure, ambayo kila aliyekaa bweni katika nchi hii huilalamikia akiwa huko na kuitamani akiwa nyumbani. Lugha tatu zimepita katika ofisi za nchi tangu Musinga, na Kiswahili chetu, kilichotolewa mlangoni mwaka 1916, kimerudi: mwaka 2017 Bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi.

Wazazi wa Rubavu ambao watoto wao wameitwa shule za mbali kama hiyo huniuliza maswali, na sikuona vibaya kuyajibu hapa. Kutoka hapa mpaka Kigali ni kadiri ya kilomita 155, na kutoka Kigali mpaka Huye kadiri ya 130. Kila muhula serikali hutangaza siku za kusafiri, wilaya kwa wilaya, basi mzazi asingoje siku ya mwisho. Kuhusu sala, mara ya kwanza aende naye mwenyewe, amtafute msimamizi wa bweni, amweleze kwa adabu saa za sala na khabari ya Ramadhani kabla haijafika, maana jambo lililoombwa mapema husikilizwa. Kisha amshike mtoto mkono wateremke pamoja mpaka Cyarabu, amjulishe kwa imamu na kwa wazee wa msikiti, ili Ijumaa ya kwanza akiomba ruhusa ajue anakwenda wapi na nani atamwona akikosa.